Shambani Wachague, Darasani Wanyamaze

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, msemo mmoja umerudi kwa kishindo katika semina za walimu na hotuba za maofisa elimu: mwanafunzi awe kitovu cha ujifunzaji. Apewe nafasi ya kuchagua. Achague mkondo na fani, achague kufanya kazi peke yake au kikundini, achague kuonyesha alichojifunza kwa kuandika, kwa kusimulia au kwa kutengeneza kitu. Mimi sipingi. Lakini anayesoma historia akisikia jambo linatangazwa kuwa jipya hukunja uso kidogo, na safari hii anayo sababu. Nchi hii ilikwisha kumwahidi mwanafunzi uamuzi wake, kwa maandishi ya Rais wake wa kwanza, miaka 57 kabla ya mtaala huu.

Swali langu ni dogo. Kila mara dola ilipomwambia mwanafunzi wa Tanzania achague, ilimwachia achague nini hasa? Na yale ambayo hakuachiwa yalibaki mikononi mwa nani?

Nianze mbali kidogo, kwa kuwa wengi wetu tumefundishwa kudhani kwamba uhuru wa mwanafunzi uliletwa na vitabu vya ualimu kutoka ng'ambo. Mwishoni mwa karne ya 19, kijana wa Lamu au Unguja aliyekwisha kuhitimu Kurani chuoni, na aliyetaka kuendelea, hakupandishwa darasa. Alikwenda kwa shekhe. Alikaa kwenye darsa, akasoma mbele ya mwalimu kitabu cha fiqhi au cha nahau mpaka kikaisha, kisha akahamia kwa mwalimu mwingine aliyesifika kwa elimu nyingine. Aliyefahamu upesi alimaliza upesi, na aliyechelewa hakuitwa mjinga kwa sababu ya umri wake, maana hapakuwa na umri uliopangiwa kitabu. Unguja ya kina Sayyid Ahmad bin Sumait na Shekhe Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki 1925, ilivuta wanafunzi kutoka pwani nzima kwa utaratibu huo. Huko Lamu, Riyadha ya Habib Saleh iliwafungulia mlango hata watu ambao waungwana wa mji hawakupenda kukaa nao mkeka mmoja. Ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha kitabu fulani, ilitoka kwa mwalimu ikaenda kwa mwanafunzi. Kila mmoja alimjibia mwenzake kwa jina.

Nisitie chumvi. Kabla ya kufika hatua hiyo mtoto alikariri, na bakora haikuwa mbali. Wasichana wengi hawakuvuka chuo cha Kurani. Na kitabu chenyewe kilisomwa ili kifahamike, mara chache sana ili kipingwe. Hata hivyo, mambo mawili yalikuwa mikononi mwa mwanafunzi: nani amfundishe, na kwa kasi gani. Mambo hayo mawili hayajarudi tena katika shule zetu hadi leo.

Shule ya kikoloni ilikuja na kengele. Siku ikakatwa vipindi, watoto wakapangwa kwa umri, na mwisho wa safari ukawekwa mtihani uliotungwa na mtu ambaye mwanafunzi hatamwona maishani. Waingereza walikuwa na wasiwasi juu ya shule hiyo wao wenyewe. Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na kushauri elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika, yaani kilimo, afya na ufundi wa mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1920, W. B. Mumford alijaribu jambo hilo katika shule ya Malangali, Iringa: nyumba za wanafunzi zikafuata ujenzi wa kienyeji, wazee wakakaribishwa shuleni, ngoma na desturi zikaingizwa katika siku ya masomo. Jaribio lilisifiwa sana na wageni. Lakini tuangalie nani aliulizwa. Aliulizwa mzee, tena mzee yule aliyekubalika kwa serikali iliyokuwa ikitawala kwa kupitia machifu. Kijana aliyefika Malangali akitaka Kiingereza na hesabu, vitu vilivyompa mshahara, alikabidhiwa utamaduni wake mwenyewe kama somo, na hakuulizwa.

Tabora ilikuwa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Pale watoto wa machifu, na baadaye vijana wengine hodari, walilelewa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, wakawa na viranja na mabweni yanayoshindana. Julius Nyerere aliingia Tabora mwaka 1937. Nalitaja hili si kwa ajili ya wasifu, bali kwa sababu mtu aliyekuja kuandika waraka mkali kuliko wote juu ya shule zetu alizijua kutoka ndani, na alijua kwamba kiranja ni mwanafunzi aliyepewa mamlaka juu ya wenzake badala ya uhuru juu ya masomo yake.

Waraka huo, Elimu ya Kujitegemea, ulitoka Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha. Takwimu zilizomo zinafaa kukumbukwa na kila mtumishi wa wizara. Mwaka 1961 nchi ilikuwa na wanafunzi 490,000 wa shule za msingi na 11,832 wa sekondari, na kati ya hao wa sekondari 176 tu walikuwa kidato cha sita. Kufikia 1967 shule za msingi zilikuwa na 825,000, sekondari 25,000, na kidato cha sita 830. Kwa hesabu hiyo ni asilimia kama 13 tu ya watoto wa shule za msingi waliotazamiwa kupata nafasi ya sekondari. Shule ya msingi ilikuwa inawaandaa watoto wote kwa safari ambayo wengi mno hawatasafiri, kisha inawarudisha kijijini wakiwa wameambiwa kwamba wameshindwa.

Tiba aliyoipendekeza Nyerere inajulikana: kila shule iwe na shamba au karakana, umri wa kuanza shule upande, mtihani upunguziwe uzito, na shule ya msingi ijitosheleze badala ya kuwa ngazi tu. Kinachosahaulika ni jinsi alivyosisitiza uamuzi wa wanafunzi. Shamba la shule halikukusudiwa kuwa la mfano lenye matrekta na bwana shamba anayeamrisha. Wanafunzi wenyewe walitakiwa kushiriki kupanga nini kipandwe, kazi igawanywe vipi, na mapato yatumike kununua nini. Wakiamua vibaya, wale matokeo ya uamuzi wao, na wajifunze. Aliandika pia juu ya akili ya kuuliza, ya kupokea ya wengine kwa kuyachuja, na juu ya mtu kujiamini. Nimewasomesha wanafunzi wangu waraka huu kwa miaka mingi, na kila mwaka kuna anayeinua mkono kuuliza: mbona hatukuwahi kusikia sehemu hii?

Lakini tuusome kwa jicho la mkosoaji, kama mwenyewe alivyotaka tusome. Waraka unamwonyesha mwanafunzi mahali pa kuamua, na mahali hapo ni shambani. Juu ya darasa unasema mengi kuhusu nini kifundishwe na kwa shabaha gani. Juu ya namna ya kujifunza, yaani nani aanze kuuliza, nani achague mfano, nani aseme sijaelewa bila kuogopa, hausemi kwa utaratibu uleule. Akili ya kuuliza inatajwa kama matunda yanayotarajiwa, lakini haikuchimbiwa shimo la kuipanda. Mtoto yuleyule aliyetakiwa saa nane mchana apige kura juu ya mahindi na alizeti, saa nne asubuhi alitakiwa akunje mikono na kunakili ubaoni. Sidhani Nyerere aliuona mgongano huo kama tunavyouona leo. Alikuwa akipambana na tabaka jipya la wasomi, na alidhani jembe litatosha kulivunja.

Tunajua shamba lenyewe liliishia wapi katika shule nyingi. Mikutano ya kupanga ilikufa mapema, majembe yakabaki. Kilimo kikawa adhabu ya wachelewaji, na si mara chache wanafunzi walilima shamba la mwalimu. Maelezo ya kawaida ni kwamba walimu hawakuuelewa waraka. Mimi naona waliielewa vizuri sana hali yao. Mwalimu mkuu aliulizwa na wakubwa wake amelima ekari ngapi na amevuna magunia mangapi. Hakuna aliyemuuliza wanafunzi wamefanya mikutano mingapi, wala kama waliwahi kumkatalia jambo. Mtu huandaa kile anachoulizwa.

Kulikuwa na mahali ambapo jambo hili lilifanyika kwa dhati, na lilifanyika kabla waraka haujaandikwa. Litowa, Ruvuma, kilianzishwa na vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1960, kikawa kiini cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilichokuja kuunganisha vijiji zaidi ya kumi. Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi nao, alikuwa mshauri wao. Shule ya Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, haikuwa na lengo la kumtoa mtoto kijijini. Wazazi waliiona kuwa yao, watoto walishiriki kupanga kazi za shule na shamba, na masomo yalifungwa na maisha ya kijiji: hesabu ya mavuno ilikuwa hesabu kweli. Toroka aliuandikia uzoefu huo katika Mbioni, jarida la Chuo cha Kivukoni, mwaka 1968, na wengi wanaamini kwamba Nyerere aliipata Litowa kwanza, kisha akaandika waraka.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Vijiji vilitakiwa vichukuliwe na chama tawala, mali za pamoja zikachukuliwa, na walimu wa Litowa wakatawanywa. Sababu za kisiasa zimejadiliwa na wengi: viongozi wa mkoa hawakupenda vijiji vinavyoamua bila wao. Mimi nataka tu tuzingatie upande wa shule. Watoto wa Litowa waliweza kuchagua kwa sababu wazazi wao walikuwa wakichagua. Kijiji kiliponyang'anywa uamuzi, darasa halikuwa na pa kusimama. Ni vigumu kumfundisha mtoto kuamua ndani ya jengo ambalo kila mtu mzima anayelizunguka anasubiri maagizo.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo serikali hiyohiyo iliwapa watu wazima kile ilichowanyima watoto. Kampeni za elimu ya watu wazima kwa redio zilianza na majina ambayo hayahitaji maelezo: Kupanga ni Kuchagua, kuhusu Mpango wa Pili wa Miaka Mitano; Uchaguzi ni Wako, mwaka wa uchaguzi mkuu wa 1970; Wakati wa Furaha, kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, 1971. Kubwa kuliko zote wakati ule ilikuwa Mtu ni Afya, 1973, iliyowafikia watu kama milioni 2. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kikundi cha majirani hukutana, husikiliza kipindi, husoma kijitabu, hujadili, kisha huamua wenyewe: tuchimbe vyoo, tufyeke majani yanayozunguka nyumba, tusafishe kisima. Kiongozi wa kikundi alifunzwa kuongoza mazungumzo, hakufunzwa kuhutubia. Paulo Freire alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, na watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima walikuwa na mengi ya kuzungumza naye.

Kwa hiyo baba wa familia huko Dodoma angeweza jioni kukaa kwenye kikundi kinachojadili na kuamua, na mwanawe asubuhi akakaa kwenye dawati akinakili somo lilelile la afya. Sijui kwa nini historia yetu ya elimu huziandika habari hizi mbili katika sura mbali mbali. Mbinu ilikuwepo nchini, wakufunzi walikuwepo, vijitabu vya Kiswahili vilichapwa kwa mamia ya maelfu. Haikuvuka uzio wa shule, na nadhani sababu ni moja: kikundi cha Mtu ni Afya hakikuwa na mtihani wa kitaifa mwishoni.

Chuo Kikuu nacho kina hadithi yake, nayo ni kali zaidi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa. Machi 1967 mkutano mkubwa ulikaa Mlimani kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa, na matunda yake mojawapo yalikuwa kozi ya pamoja ya lazima juu ya matatizo ya jamii za Afrika Mashariki. Nia ilikuwa nzuri: mhandisi ajue njaa inatoka wapi. Lakini ilikuwa lazima, na siasa ya ukombozi iliyofundishwa kwa mahudhurio ya lazima ilizaa usingizi wa lazima pia.

Wakati huohuo, kikundi kidogo cha wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za ukanda huu, waliojiita USARF na kuongozwa mwanzoni na Yoweri Museveni, kilianzisha madarasa yake ya itikadi Jumapili asubuhi. Walichagua vitabu, walichagua wasemaji, walibishana. Walimu kama Walter Rodney waliingia humo kama washiriki. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida la Cheche, na katika jarida hilo Issa Shivji akachapisha mwaka 1970 uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini, kazi inayosomwa na wanafunzi wa leo katika kozi zenye mitihani. Sijapata kuona ushahidi bora zaidi wa nini hutokea mwanafunzi akipewa, au akijipa, uhuru wa namna ya kujifunza. Kozi ya lazima ilikuwa na bajeti, ratiba na wahadhiri. Darasa la Jumapili lilikuwa na viti tu, na ndilo lililoacha vitabu.

Novemba 1970 USARF na Cheche vyote vilipigwa marufuku. Miezi minane baadaye, Julai 1971, rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo akilalamikia urasimu na kukosekana kwa demokrasia chuoni. Polisi wa Kutuliza Ghasia waliingia Mlimani, Akivaga akaondolewa na kurudishwa Nairobi. Wanafunzi wakasusia masomo. Waliomwondoa hawakuwa wapinzani wa Elimu ya Kujitegemea. Walikuwa watumishi wa serikali iliyoiandika. Somo la tukio hilo halina ugumu: mwanafunzi aliruhusiwa kuchagua mpaka pale alipochagua kuuliza nani anaamua.

Baada ya hapo mambo yaliingia kwenye makaratasi. Tanzania ilijitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria ya 1973. Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977, na wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Mtihani wa mwisho ulipunguziwa nguvu kwa kuhesabu kazi za mwaka, na hata tabia na moyo wa kazi vikapewa alama. Hapo pana kejeli ambayo sipendi kuipita. Nyerere alitaka mtihani ushuke ili mwanafunzi awe huru zaidi. Kwa kuupa kila siku alama, mtihani ulishuka kweli, lakini ulienea. Sasa hata kujitolea kulisahihishwa na mwalimu, na mwanafunzi mwerevu alijifunza kujitolea mbele ya macho yake.

Upanuzi nao ulikuja na gharama. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu haraka, kwa masomo ya posta, redio na usimamizi wa kata. Walibeba mzigo mkubwa na nchi haijawashukuru ipasavyo. Lakini mwalimu mwenye umri wa miaka 18 na watoto 70 hawezi kuachia chumba kichague. Anashikilia chaki na fimbo kwa sababu ndivyo vitu viwili alivyo navyo. Kanuni za viboko zilizorekebishwa mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne na vitolewe kwa idhini ya mkuu wa shule. Tangu lini kanuni hiyo imefuatwa darasani kwenu, msomaji anajua mwenyewe. Nataja fimbo hapa kwa sababu hakuna chaguo la mwanafunzi linaloishi nayo chumba kimoja. Mtoto anayejua kwamba jibu baya lina bei atachagua kunyamaza, na huo utakuwa uamuzi wa busara.

Nimebakiza jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko mengine yote, nalo ni lugha. Kujifunza kwa namna unayoichagua huanza na lugha unayoitumia kuuliza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kuanzia 1985 na kupanda hadi vyuo vikuu. Serikali ikakataa. Sera iliyozinduliwa Februari 2015 ikaliandika jambo hilo upya, na toleo lake la 2023 likakiacha Kiingereza palepale kilipokuwa sekondari. Ingia darasa lolote la kidato cha pili utaona kinachofanyika: mwalimu anasoma kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, anarudi kwa Kiingereza kuandika ubaoni, wanafunzi wanaelewana kwa kunong'ona kwa Kiswahili, kisha wanakariri Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Yaani wanafunzi wamekwisha kuchagua namna ya kujifunza. Wamechagua zamani. Chaguo lao linaitwa utovu wa nidhamu, na katika shule nyingi lina adhabu. Kisha tunawaita kwenye semina kuwaambia walimu wao wawape uhuru wa kuchagua.

Sasa tumefika kwenye mtaala wa leo. Una mambo ya kweli ndani yake, nami singependa msomaji adhani nauzika kabla haujatembea. Mkondo wa amali sekondari unampa mtoto njia ambayo si ya darasa peke yake. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zilipanuliwa kutoka 16 hadi 65, na kijana anayetaka kuunganisha muziki au lugha na masomo mengine anayo sasa nafasi kwenye fomu. Lakini fomu si karakana. Shule yenye walimu wa tahasusi nne ina tahasusi nne, hata kama mwongozo una 65. Mwanafunzi wa shule ya kata isiyo na nyundo wala cherehani amepewa chaguo la amali kama mimi nilivyopewa chaguo la kununua meli.

Na hata karakana ikijengwa, itabaki kuwa chaguo la nini. Chaguo la namna gani liko mahali pengine, nalo halihitaji fedha nyingi kama tunavyopenda kudai. Linahitaji Mthibiti Ubora wa Shule akifika asihesabu maandalio ya somo tu, bali akae nyuma ya darasa aandike nani aliuliza swali la kwanza. Mwalimu pia aruhusiwe kwa maandishi kumaliza mada nane vizuri badala ya kumi na mbili mbio mbio, bila kuogopa barua ya kujieleza. Mwanafunzi wa fizikia akieleza msukumo kwa Kiswahili fasaha, tena sahihi, apate alama za fizikia. Hayo matatu yote yako mikononi mwa watumishi wa umma, baadhi yao wasomaji wa safu hii, na hakuna hata moja linalosubiri mkopo.

Wanafunzi wa amali walioanza kidato cha kwanza Januari 2024 watafika mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Mpaka hapo walimu wao watakuwa wamekwisha kuziona sampuli za maswali, na watafundisha kulingana na sampuli hizo, kama walimu wa 1968 walivyolima kulingana na swali la ekari. Muundo wa karatasi hiyo hupangwa mezani na watu wachache, miezi mingi kabla ya mtihani, na meza hiyo haijawahi kuwa na kiti cha mwanafunzi.